Upepo wa tairi za pikapu yenye kibanda cha kulala
Mkuu, usifuate namba ya PSI (kipimo cha upepo) iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Ile ni kikomo cha juu, siyo kipimo cha kujaza. Fungua mlango wa dereva, stika iko kwenye nguzo. Ikiwa na vipimo viwili, chukua cha gari lenye mzigo, hasa kwa tairi za nyuma, maana kibanda kinalalia huko. Gari la Japani huandikwa kPa, kipimo kingine cha upepo: gawa kwa 7 upate PSI. Jaza asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukifika Chalinze zimepanda PSI nne tano, usipunguze, ni joto tu. Ila upepo wa ziada hauongezi uwezo wa tairi kupita kikomo chake: alama ya mzigo ubavuni mwa tairi ikiwa 112, ni kilo 1,120 kwa tairi moja, basi.