Rimu za Honda Fit kwenye Corolla ya zamani: matundu kulingana hakutoshi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba una Corolla AE110 ya mwaka 1998, kwamba umeonyeshwa rimu za sport za inchi 15 zilizotoka kwenye Honda Fit, na kwamba muuzaji amekuhakikishia zitaingia kwa sababu matundu yake manne yanalingana na ya gari lako. Muuzaji hakukudanganya. Magari yote mawili yana matundu manne yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, kwa hiyo rimu itaingia bila kulazimishwa. Mimi nilinunua rimu za aina hiyo mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka 2016 kwa ajili ya Corolla kama yako, fundi akazifunga kwa nusu saa, na siku ya tatu, nikiwa barabara ya Morogoro kati ya Mlandizi na Chalinze, usukani ukaanza kutetemeka kila nilipofikia kilomita 80 kwa saa. Nilidhani ni balansi. Niliposimama pembeni na kushika nati za gurudumu la mbele kushoto, mbili zilizunguka kwa vidole.

Kosa lilikuwa kwenye nati. Tulitumia zilezile za Corolla, zilizokuwa zikifunga rimu za chuma, ambazo ncha yake ina umbo la koni. Rimu halisi za Honda zina kikalio cha nati kilichochimbwa kama bakuli, na nati zake zina ncha ya mviringo inayokaa humo sawasawa. Ukiweka koni ndani ya bakuli, vitu hivyo viwili vinagusana kwenye mstari mwembamba tu, na aluminiamu, kwa kuwa ni laini kuliko chuma, hubonyea mahali hapo baada ya safari chache. Ikishabonyea, mkazo unapungua. Ieleweke kwamba bolti za habu (kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake) hazibebi gari kwa kupita tu kwenye tundu la rimu. Kazi yake ni kuibana rimu dhidi ya uso wa habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, na matundu hupanuka. Rimu yangu moja iliharibika kiasi kwamba niliitupa, nikatafuta nyingine moja inayofanana nayo, na hiyo ilinigharimu muda mrefu kuliko seti nzima ya mwanzo.

Habari njema ni kwamba bolti za Toyota na za Honda zina uzi mmoja, yaani unene wa milimita 12 na hatua (umbali kati ya jino moja la uzi na linalofuata) ya milimita 1.5. Kwa hiyo huhitaji kubadili bolti hata moja: nunua nati 16 halisi za Honda, hata zikiwa za mtumba, mradi uzi wake haujachakaa. Usikubali kupewa nati za Nissan au Subaru, kwa kuwa hatua yake ni 1.25, zitaanza kuingia mizunguko miwili, kisha fundi mwenye haraka atazilazimisha kwa mashine na kuua uzi wa bolti zako. Aidha, kama Corolla yako ilikuja na rimu za sport za Toyota, nati zake huenda zina shingo na washa bapa, nazo pia hazifai kabisa kwenye rimu za Honda.

Jambo la pili ni tundu la katikati. Habu ya Corolla ina kipenyo cha milimita 54.1, ilhali tundu la rimu ya Honda ni milimita 56.1. Rimu itapita juu ya habu ikiwa na ulegevu wa milimita moja kila upande, na hapo nati ndizo zitakazoamua kama imekaa katikati. Zipo pete za kuziba nafasi hiyo. Mimi nilichongewa zangu za aluminiamu na fundi wa kukereza vyuma. Ukizikosa, nati sahihi zitaiweka rimu katikati ikiwa utazikaza kwa mtindo wa msalaba gurudumu likiwa bado hewani, ndipo ushushe jeki na kumalizia. (Kinyume chake hakiwezekani: rimu ya Toyota haipiti kwenye habu ya Honda bila kukerezwa.)

Sasa upande wa ndani, ambao wengi hawauangalii. Soma maandishi nyuma ya rimu. Zangu za zamani zilikuwa 14×5½ (kipenyo na upana kwa inchi) zenye ofseti 45, na za Honda ni 15×6 zenye ofseti 53. Ofseti ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu, na namba ikipanda, gurudumu linaingia ndani zaidi kuelekea shokapu. Kwa upande wangu, nilipotoka kwenye tairi lenye upana wa milimita 175 kwenda la 185, ubavu wa ndani wa tairi ulisogea milimita 13 kuelekea shokapu, wakati upande wa nje ulirudi ndani milimita tatu. Nilibandika donge la unga wa chapati kwenye shokapu, nikaendesha polepole nikikata kona pande zote, kisha nikapima unene uliobaki: milimita nane. Zilinitosha. Kama zako zitabaki mbili au tatu, usikimbilie spesa (bamba la kuisogeza rimu nje) kabla ya kuhesabu mizunguko ya nati, kwa sababu nati inatakiwa iingie angalau mizunguko minane kamili, na bolti za Corolla si ndefu.

Kuhusu matairi, chukua 185/55R15. Kipenyo chake chote ni takriban milimita 584, dhidi ya 583 za 175/65R14, kwa hiyo kipima mwendo hakitadanganya, na kwa kawaida yote mawili huandikwa 82 kama kipimo cha mzigo, yaani kilo 475 kwa tairi. Ubavu utapungua kwa milimita 12, na utaihisi tofauti hiyo kwenye kila tuta. Kwa barabara zetu za mitaani, mimi binafsi ningebaki na inchi 14 kama sikuwa nimeshalipa. Rimu zikija na matairi yake, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo silinunui hata likiwa na meno yote.

Kabla ya kulipa, omba rimu izungushwe tupu kwenye mashine ya balansi ili uone kama inayumba, na kagua upande wa ndani kama umechomelewa. Siku ya kufunga, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, usipake grisi kwenye uzi, na ukaze kwa spana inayopima nguvu hadi nyutoni-mita 103, kisha urudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Tairi lako la akiba litabaki kuwa la rimu ya chuma, ambayo inataka nati za koni. Weka nne za zamani kwenye mfuko ndani ya buti, pamoja na spana msalaba, kwa kuwa nati za Toyota hufunguliwa kwa spana namba 21 na za Honda kwa namba 19.