Gari kuvuta kushoto baada ya kubadilisha shokapu

Pole, ndugu. Umesema Toyota IST yako inavuta kushoto na usukani umekaa upande tangu ubadilishiwe shokapu za mbele na bushi za amu (mipira inayoshika mkono wa chuma unaobeba gurudumu). Usilipie alaimenti (kunyoosha magurudumu) tena kwanza. Badilishanisha tairi za mbele, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Mvuto ukihama, tatizo ni tairi.

Usipohama, muulize fundi: bolti za bushi alizikaza gari likiwa juu ya jeki? Hapa mafundi wengi wanaharibu, na inaniuma kwa sababu spea mpya inakufa bure. Zinakazwa kabisa gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, gari likishuka mpira wa bushi unajisokota, unavuta amu na kuchanika mapema. Alegeze, alisukume gari mbele na nyuma, akaze upya. Aangalie pia bolti mbili za chini za kila shokapu. Zikikaa tofauti, gurudumu moja linalala upande.

Alaimenti ni ya mwisho, upepo wa tairi ukiwa sawa na usukani umefungwa katikati. Lijaribu kwenye lami tambarare. Upande wetu wa barabara nyingi umeinama kushoto ili maji yatoke, kwa hiyo mvuto mdogo sana wa huko ni kawaida.