Kenya imeipitaje Ethiopia? Kulinganisha utajiri wa nchi kwa takwimu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Dodoma. Mwaka 2023 niliwaonyesha wanafunzi jedwali la chumi za ukanda wetu, Ethiopia ikiwa juu ya Kenya. Mwaka 2025 tukasoma kuwa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, limeiweka Kenya mbele: dola bilioni 132 kwa 117. Mwanafunzi mmoja akauliza kama Waethiopia wamefilisika. Nimjibu nini? Na kipimo sahihi ni kipi?

JIBU: Mwalimu, mwambie hawajafilisika. Kahawa iliendelea kuvunwa, na takwimu rasmi za Ethiopia zinaonyesha uzalishaji uliongezeka. Kilichoshuka ni thamani ya birr, fedha ya Ethiopia. Tarehe 29 Julai 2024 serikali iliacha kuipangia sarafu hiyo bei, ikaliachia soko. Dola iliyokuwa birr 57 hivi ikavuka birr 120 kabla ya mwaka kwisha. Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, hujumlishwa kwanza kwa fedha ya nchi yenyewe, ndipo ligawanywe kwa bei ya dola. Kigawanyo kikikua kiasi hicho, jibu litapungua tu, hata kama shambani na kiwandani hakuna kilichopungua.

Kenya wakati huohuo ilikuwa ikienda upande wa pili. Januari 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160 za Kenya. Mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 130. Fanyeni hesabu hii ubaoni. Pato la Taifa la Kenya mwaka 2024 lilikuwa takriban shilingi trilioni 16. Ligawe kwa 160, unapata dola bilioni 100. Ligawe kwa 130, unapata bilioni 123. Bilioni 23 zimeongezeka bila gunia moja la ziada la mahindi. IMF hutumia wastani wa bei ya dola kwa mwaka mzima, kwa hiyo tofauti inayoonekana kwenye majedwali yao ni ndogo kuliko hiyo, lakini njia ni ileile.

Kuna jambo ambalo habari nyingi zililiruka. Kabla ya Julai 2024, dola katika soko la magendo la Addis Ababa ilikuwa ikiuzwa karibu mara mbili ya bei ya benki. Wafanyabiashara waliijua bei ya kweli. Majedwali yalifuata ya serikali. Kwa maoni yangu, basi, jedwali lako la 2023 ndilo lililoipaisha Ethiopia kupita kiasi.

Sasa, kipimo sahihi. Inategemea unataka kujua nini, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa.

Ukitaka kujua watu wanaweza kununua nini kwa kipato chao, achana na bei ya dola ya benki. Kunyoa nywele Addis Ababa na kunyoa nywele Geneva ni kazi moja, mashine moja, dakika zilezile, lakini bei haifanani hata kidogo. Ukibadilisha kipato cha kinyozi wa Addis kuwa dola, unamfanya aonekane fukara kuliko alivyo, kwa sababu kodi ya chumba, nauli na chakula chake havilipwi kwa bei za Geneva. Ndiyo sababu Benki ya Dunia inasimamia mpango wa kimataifa wa kulinganisha bei: wadadisi wanaingia madukani na sokoni kuandika bei za bidhaa zinazofanana nchi hadi nchi. Awamu ya 2021 ilihusisha nchi na maeneo 176. Kutokana na bei hizo hupatikana pato kwa uwezo wa kununua, na kwa kipimo hicho uchumi wa Ethiopia bado ni mkubwa kuliko wa Kenya.

Lakini usikitupe kile cha dola za soko. Deni la nje hulipwa kwa dola halisi, wala mkopeshaji hajali kwamba nauli ni rahisi kwako. Ethiopia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani (hati ya mkopo) yake ya kimataifa Desemba 2023, na birr iliposhuka, deni lile lile likawa mzigo mkubwa zaidi ukilinganisha na pato. Mtu wa Hazina anayeuliza kuhusu ukubwa wa uchumi anataka namba hii.

Mabadiliko mengine hutoka kwa watakwimu wenyewe. Nigeria ilipobadili mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kama msingi wa hesabu, kutoka 1990 hadi 2010, matokeo yaliyotangazwa Aprili 2014 yalipandisha Pato la Taifa kwa asilimia 89, ikaipita Afrika Kusini siku hiyohiyo. Simu za mkononi na filamu zilikuwepo tayari. Hazikuwa zimehesabiwa ipasavyo. Kenya nayo ilifanya hivyo Septemba 2014, ikapanda kwa robo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama nchi imekua, tumia bei za mwaka wa kizio na fedha yake yenyewe, usilinganishe majedwali mawili ya dola kama mlivyofanya.

Halafu hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopima utajiri wenyewe. Pato la Taifa ni uzalishaji wa mwaka mmoja tu. Reli, ardhi, misitu, madini yaliyobaki chini, elimu ya watu: hivyo vina hesabu yake nyingine, na nchi inayochimba mafuta yake yote upesi huonekana inastawi huku mali yake ikipungua.

Wanafunzi wakitaka kugawa Pato la Taifa kwa idadi ya watu, waruhusu, maana hapo Kenya iko juu waziwazi. Waethiopia ni zaidi ya mara mbili ya Wakenya. Ila waandike pembeni kwamba Kenya ilihesabu watu mwaka 2019, na sensa ya mwisho ya Ethiopia ilifanyika 2007. Kile wanachogawia upande wa Ethiopia ni makadirio.