Jibu: Bosi amefunga programu ya kufuatilia kompyuta zetu, tufanyeje?

Mkuu, umeuliza mfanye nini sasa kompyuta za ofisi zinapiga picha skrini na kuhesabu mibofyo. Kwanza kabisa, msinunue vile vifaa vya kuchezesha mausi ya kompyuta ili uonekane unafanya kazi. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilifukuza wafanyakazi zaidi ya 10 kwa madai ya kuigiza kazi kwenye kibodi.

Kinachosaidia ni kusema kwa pamoja. Februari 2020 Barclays ya London ilijaribu mfumo wa kupima muda ambao watu wako mezani. Wafanyakazi walilalamika, magazeti yakaandika, benki ikauondoa.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Andikeni barua moja kwa ofisi ya utumishi: kinakusanywa nini, kwa sababu gani, nani anakiona, kinatunzwa muda gani? Wakikaa kimya, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko.

Mtu kuogopa hata kwenda chooni kunaniuma sana. Hilo nalo liandikeni waziwazi. Na WhatsApp yako itoe kwenye kompyuta hiyo leo.