Dawa ya kupunguza uzito: nilichomficha daktari bila kujua

Daktari aliponiuliza kama kuna dawa nyingine ninazotumia, nilijibu hapana, na nilijibu kwa moyo mweupe. Vidonge vya presha nimevimeza kila asubuhi kwa miaka sita. Vilishakuwa kama kupiga mswaki, havikunijia akilini kabisa kwamba navyo ni dawa. Kimoja kati ya hivyo ni cha kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Shikilia hapo, nitarudi.

Niliandikiwa semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki. Kwa kupunguza uzito, kawaida mtu huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, halafu 0.5 kwa wiki nne nyingine, kisha 1, na kupanda hivyo taratibu. Wiki nne za mwanzo mizani haikusogea sana. Ilipofika zamu ya 0.5, nikajichoma mara mbili siku ileile ili nifike 1 haraka. Sikumuuliza mtu yeyote.

Nilitapika siku mbili. Hata maji yalikuwa hayakai tumboni. Siku ya pili jioni nilikwenda chooni mara moja tu, na mkojo ulikuwa mchache, rangi yake kama chai ya rangi. Niliposimama, ukuta ukazunguka, nikajikuta nimekaa sakafuni nimeshika kingo ya sinki. Na siku zote hizo mbili asubuhi nilikuwa nimemeza kidonge changu cha kutoa maji, kwa sababu nilishaambiwa nisiruke dawa ya presha. Mwili unapoteza maji kwa kutapika, mimi naukamua zaidi.

Hospitali waliniwekea dripu na kunipima damu. Figo zilikuwa zimeanza kulemewa. Zilirudi sawa, nashukuru Mungu, lakini swali la daktari bado nalisikia: "Mbona hukuniambia?"

Ndiyo maana mtu akiniuliza kuhusu dawa hizi, namwambia kwanza akusanye kila anachomeza, akitie kwenye mfuko, aende nacho. Vidonge, dawa za mitishamba, vitamini, vyote. Usitegemee kumbukumbu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya kundi la salfonilurea sukari yake ya damu inaweza kushuka mno, kwa hiyo huenda dozi zake zikahitaji kupunguzwa. Anayetumia tirzepatidi, sindano nyingine ya kupunguza uzito, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango ajue kwamba vidonge hivyo vinaweza kupungua nguvu. Anashauriwa kuongeza kinga nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza, na wiki nne kila dozi inapopandishwa. Anayepanga mimba anatakiwa kuacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Na kama kwenu kuna aliyewahi kupata saratani ya thairoidi, tezi ya shingoni, ya aina iitwayo medulari, sema kabla hujaandikiwa chochote, maana mtu wa namna hiyo hapewi dawa hizi.

Ukipangiwa upasuaji wa nusu kaputi, mwambie mtoa usingizi. Dawa hizi huchelewesha chakula kutoka tumboni, kwa hiyo unaweza kuwa umefunga kama ulivyoagizwa na bado tumbo lina chakula, kikapanda na kuingia kwenye mapafu ukiwa umelala. Wengi hawalijui hili.

Kichefuchefu kidogo, kufunga choo, kuharisha, hayo huja na mara nyingi hupungua. Mimi nilisaidika kwa kula kidogo kidogo, kuacha vya mafuta mengi, na kunywa maji kwa kufuata saa badala ya kungoja kiu. Hamu ya kula ilipokatika, hata kunywa nilisahau, kwa hiyo naweka chupa mezani na natazama ilipofika. Lakini maumivu makali ya juu ya tumbo yasiyoachia, hasa yakipenya hadi mgongoni, si ya kuvumilia hadi kesho. Huenda kongosho limevimba. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, pamoja na homa au macho ya manjano, yanaweza kuwa mawe ya nyongo. Nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukitapika mpaka maji hayakai.

Kuhusu kununua pembeni kwa bei nafuu, nasema kwa uchungu: acha. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia zilizokutwa katika nchi kadhaa. Vidonge vya kupunguza uzito vinavyoitwa "vya asili" navyo vimekutwa na sibutramini ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwenye presha kama mimi akimeza hiyo bila kujua, ni hatari kubwa.

Nilirudi kwenye 0.25 baada ya wiki kadhaa, safari hii daktari akiwa na orodha yangu yote mkononi. Tulikubaliana kwa maandishi nifanye nini na kidonge cha kutoa maji siku nikitapika au kuharisha: nampigia kabla sijakimeza. Karatasi hiyo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la dawa, na mume wangu anajua ilipo.