Mkono wa Mtoto Haunyanyuki Tangu Azaliwe: Je, Tuishitaki Hospitali?

SWALI: Ndugu mshauri, miezi miwili iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume katika hospitali moja ya serikali hapa mkoani Mtwara. Alikuwa na kilo 4.3. Kichwa kilitoka, mabega yakakwama, na muuguzi mmoja akawa anavuta. Tangu siku hiyo mkono wa kulia umelala tu ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, ingawa vidole hushika kidole changu. Mama mkwe huukanda kwa mafuta ya nazi kila jioni na kuuvuta ili “urudi”. Mume wangu anataka twende mahakamani. Tufanyeje?
Mama wa mtoto, Newala

JIBU: Pole sana, mama. Mkono uliokaa kama wa mtu anayepokea kitu kwa siri nyuma yake ni dalili inayojulikana ya kuumia kwa mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi, na kwa kuwa vidole vinashika, yaelekea mishipa iliyoguswa ni ile ya juu, ambayo kwa kawaida ina matumaini zaidi. Watoto wengi wa namna hii hupona wenyewe, lakini daktari ndiye wa kuthibitisha, na pia ahakikishe kwamba mfupa wa mtulinga haukuvunjika.

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, kuuvuta mkono kukome leo. Kinachotakiwa ni mazoezi ya taratibu atakayowaonyesha mtaalamu wa fiziotherapia. Mnapomvalisha, anzeni na mkono mgonjwa, na mnapomvua, umalizieni huo; wala msimnyanyue kwa kumshika makwapani. Mwombeni daktari rufaa mapema, iwe kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mtwara au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, kwa sababu mtoto akifikisha miezi mitatu bila kuweza kukunja kiwiko, mtaalamu wa upasuaji anapaswa kumtazama, na mishipa iliyokaa muda mrefu bila kushughulikiwa haingoji kesi iishe.

Sasa mahakama. Mumeo ana haki ya kukasirika, lakini jeraha peke yake si ushahidi wa uzembe. Mabega yanaweza kukwama ghafla hata kwa mkunga hodari, na mtoto asipotolewa ndani ya dakika chache hukosa hewa. Swali ambalo mahakama italiuliza ni kama waliokuhudumia walifanya yale ambayo mkunga mwenye ujuzi wa kawaida angeyafanya: je, uliwahi kupimwa sukari, je, magoti yako yalikunjwa kuelekea kifuani, je, ulibonyezwa juu kidogo ya mfupa wa kinena, au kichwa kilivutwa tu kwa nguvu? Majibu yake yamo kwenye karatasi. Itunzeni kadi ya kliniki, kisha mwandikieni mganga mfawidhi barua ya kuomba nakala ya jalada lako, ikiwemo chati ya uchungu na maelezo ya kujifungua, nanyi mbaki na nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Andikeni pia, mkingali mnakumbuka, nani alikuwepo na kilichofanyika kwa mpangilio. Nimeona madai mengi mazuri yakifa kwa kukosa karatasi, si kwa kukosa haki.

Kuhusu muda, madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na muda huo unawabana ninyi wazazi kwa gharama zenu wenyewe. Mtoto analindwa zaidi na Sheria ya Ukomo, kwa kuwa muda wake hauanzi kuhesabiwa hadi afikishe miaka 18, na kabla ya hapo mzazi anaweza kumfungulia shauri kama “rafiki wa karibu”, yaani mtu mzima anayesimama mahakamani kwa niaba ya mtoto. Kwa kuwa hospitali ni ya serikali, lazima kwanza itolewe notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe katika shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Msijaribu hayo bila wakili. Mkiwa hamna fedha hadi korosho zilipwe, ulizieni watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017.

Ipo pia njia isiyohitaji mahakama, nayo ni malalamiko ya maandishi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga au, kama daktari alihusika, Baraza la Madaktari Tanganyika. Mabaraza haya humchunguza na kumwadhibu mtaalamu, lakini fidia ya mkono wa mtoto huamuliwa na mahakama au kwa maelewano na hospitali. Kesho asubuhi, kabla ya kutafuta wakili, nendeni na mtoto kwa daktari.