Kompresa ya mitungi ya mbizi nyumbani: huvuta pumzi ya mtaa mzima

Kompresa yangu niliinunua ikiwa imetumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akifunga biashara yake ya kupiga mbizi. Nilikuwa nimechoka kubeba mitungi minne kwenye tuktuk kila wiki kutoka Mtopanga, hapa Mombasa, hadi mahali pa kujazia, kungojea wateja wakubwa wahudumiwe kwanza, kisha kurudi jioni kuichukua. Kazi yangu ni ya chini ya maji: kukwangua mwani na magamba yanayoota kwenye matumbo ya mashua, kukagua minyororo ya maboya, na mara mojamoja kuwasindikiza wageni kwenye mabaki ya MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 nje ya pwani ya Bamburi iwe makao ya samaki. Nilipiga hesabu ya nauli na ada za kujaza, nikaona mashine itajilipa. Imejilipa kweli, lakini yale niliyolazimika kujifunza baada ya kuileta nyumbani ndiyo ambayo ningependa mtu anayefikiria kununua ayajue mapema.

Kwanza, hii si ile ya kujazia upepo magurudumu. Gurudumu la gari dogo huchukua presha ya bar 2 na kitu, na la lori huchukua bar 8 hivi, ilhali mtungi wa mbizi hujazwa hadi bar 200 au zaidi. Kufika huko, hewa haisukumwi mara moja. Katika mashine yangu hupita silinda tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, na baina ya silinda hupozwa ndani ya mabomba yaliyozungushwa mbele ya feni, kwa kuwa hewa inayobanwa hupata joto kali. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu waliposikia mlio wake mara ya kwanza walikuja na panchari zao, na watoto wakaleta mpira. Wote niliwarudisha, na nadhani wapo wanaoniona mchoyo hadi leo.

Jambo ambalo muuzaji hakunieleza, na ambalo nililielewa kwa kuumwa kichwa, ni kwamba mashine hii haitengenezi hewa. Inakusanya ile iliyopo pale mdomo wake ulipo, ikaibana mara mia mbili, ikakupa uivute ukiwa mahali ambapo huwezi kufungua dirisha.

Niliinunua mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma. Nikaiweka kwenye kijumba cha mabati nyuma ya nyumba, mdomo wa kuvutia hewa ukitokea kwenye tundu la ukuta wa upande wa kusini. Kwa kuwa inaendeshwa kwa umeme na si kwa petroli, niliamini kwamba habari za moshi hazinihusu. Miezi mitatu ikapita salama. Kusi ilipoanza, nikatoka majini siku moja kichwa kikinigonga na kichefuchefu kikinipanda, nikasema ni uchovu na kutokula. Wiki iliyofuata tulikuwa wawili, kina cha mita 25, tukikagua mnyororo; tulipopanda mashuani mwenzangu alishika kipaji akaniuliza, "Kaka, nawe kichwa chauma?" Hapo nikajua kwamba si njaa.

Mitungi ilikuwa haijaisha. Niliazima kipimo cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moshi, nikafungua valvu kidogo mbele yake, nikaona nambari inapanda hadi sehemu 40 katika milioni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 katika milioni. Na kina huongeza ubaya: kwenye mita 25 presha ni bar 3.5, kwa hiyo mwili hupokea sumu hiyo kana kwamba ni mara tatu na nusu ya ile iliyosomwa nchi kavu. Gesi hii haina harufu wala ladha. Mkaa maalumu ulio ndani ya kichujio cha mashine hunyonya mvuke wa mafuta na harufu mbaya, lakini kaboni monoksidi huipitisha vilevile. Kuna dawa iitwayo hopkalaiti inayoigeuza kuwa kaboni dayoksidi, nayo hufanya kazi ikiwa tu hewa inayoifikia ni kavu.

Ilitoka wapi? Upande wa pili wa ule ukuta, jirani yangu hukaanga mahamri kuanzia alfajiri, na jiko lake la mkaa lilikuwa chini kabisa ya tundu langu. Kaskazi ilipokuwa ikivuma, moshi wake ulikwenda kwa wengine. Upepo ulipogeuka kuwa kusi, ukawa wangu. Nilikwenda kumweleza, nikiwa na wasiwasi kwamba ataona ninamlaumu kwa riziki yake. Alinisikiliza akiendelea kugeuza mahamri karaini, kisha akasema, "Mwanangu, mimi jiko hili nina miaka kumi na tano nalo hapa. Hiyo pua ya mashine yako si uipandishe juu?"

Nikaipandisha. Bomba la plastiki sasa linapita juu ya paa kwa zaidi ya mita mbili, na ni pana kuliko lile la awali, kwa sababu bomba refu na jembamba hulazimisha mashine kuvuta kwa shida ikapata joto. Mdomo wake umepinda kutazama chini ili mvua isiingie, nao umefungwa wavu, maana kunguru wa Mombasa hawaachi tundu lolote lipite bila kulijengea kiota. Kipimo cha kaboni monoksidi nilinunua changu mwenyewe, na kila mtungi hupimwa kabla ya kutoka nyumbani. Asiyekuwa na uwezo wa kununua kipimo hicho, kwa maoni yangu, hana uwezo wa kununua kompresa.

Baada ya moshi, adui wa pili ni maji. Mtungi wa lita 12 ukijazwa bar 200 huwa umemeza lita 2,400 za hewa ya kawaida. Hewa yetu ya pwani, ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kwa hiyo mtungi mmoja hukamua karibu gramu 58, sawa na kile kikombe kidogo cha kahawa chungu wanachouza Mji wa Kale. Maji hayo lazima yatoke njiani, la sivyo yatakula chuma cha mtungi kutoka ndani na kuua kichujio kabla ya wakati wake. Ndiyo sababu ya vile vikoki vya kutolea maji chini ya mashine ambavyo mimi huvifungua kila baada ya dakika kumi wakati mashine inafanya kazi, kimoja kimoja, polepole, nikiwa nimeshika chupa. Kinachotoka kwa kishindo ni majimaji meupe kama tui la mwisho, yaani maji yaliyochanganyika na mafuta kidogo. Weupe huo haunitii hofu. Yakija na weusi au harufu ya kuungua, huzima mashine siku hiyohiyo. Huyakusanya kwenye dumu, wala siyamwagi mtaroni, kwa maana mtaro wetu huishia baharini.

Kichujio chenyewe huhesabiwa kwa saa za kazi, lakini saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji huchukulia hali ya ubaridi ambayo sisi hatuijui. Joto la chumba likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40, maisha ya kichujio hupungua kwa zaidi ya nusu. Mimi ninaandika kila dakika kwenye daftari la shule lililotundikwa kwa kamba ukutani, pamoja na joto la siku hiyo, na miezi ya Februari na Machi hubadilisha mapema bila kubembeleza. Kichujio kipya hakifunguliwi karatasi yake hadi saa ile ya kukitia; ukikiacha wazi usiku mmoja huku kwetu, asubuhi kimeshakunywa unyevu wa mtaa.

Kuhusu mafuta, fundi mmoja wa magari, mtu ninayemheshimu sana katika fani yake, alitaka kunitilia oili ya injini akisema oili ni oili. Si kweli. Oili ya gari ina viungo vilivyowekwa kwa ajili ya injini, na hapa kinachovukizwa huelekea mapafuni mwa mtu. Tia ile iliyotajwa na mtengenezaji kwa hewa ya kupumulia, na uibadilishe kila mwaka hata kama saa hazijatimia.

Umeme nao una mambo yake. Mota yangu ni ya kilowati 2.2, na mwanzoni niliiunganisha kwa ekstensheni ya kawaida ambayo baada ya robo saa ilikuwa moto mkononi. Fundi wa umeme akanivutia waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Hata hivyo, jioni watu wote wakiwa wamewasha feni na pasi, volti kwetu hushuka kutoka 240 hadi chini ya 200, na mota hunguruma kwa uchungu. Nikajumlisha yote, yaani volti, jiko la jirani, adhana na usingizi wa watu, nikaona kwamba saa yangu ya kujaza ni kuanzia saa nne asubuhi hadi kabla ya adhuhuri, na majirani wameizoea.

Mtungi ujazwe taratibu. Ukiujaza kwa pupa hupata joto, geji ikakudanganya: unaufunga ukisoma 200, asubuhi umepoa unasoma 185. Bomba la mpira la kujazia likianza kuonyesha nyufa, litupwe, lisifungwe utepe. Valvu ya usalama ikilia kabla ya wakati, usiikaze ili inyamaze.

Mwaka jana kijana mmoja aliniletea mtungi wa chuma wenye kutu shingoni, tarehe ya mwisho ya kupimwa kwa presha ya maji ikiwa imepita miaka tisa, ilhali kipimo hicho hutakiwa kila baada ya miaka mitano. Alinisihi kwa jina la marehemu babake. Nilikataa; akaondoka amenuna, na mtungi akauacha pale mlangoni, ambapo hadi leo ninauegemeza mlango usifungwe na upepo wakati mashine inaunguruma.

Chumvi ya bahari haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa Mombasa: kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu, kila wiki, hasa kwenye mabomba ya kupozea. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na kazi ikikosekana, usiiache mashine imelala. Iwashe dakika ishirini kila baada ya wiki mbili ili joto liutoe unyevu uliojificha ndani ya oili. Ukimaliza, fungua vikoki vyote, lakini acha bar 70 hivi ndani ya nyumba ya kichujio, kwa kuwa kikikaa bila presha hewa chepechepe hupenya ndani yake. Mimi huitazama geji ile tena kesho yake asubuhi kabla ya chai. Ikiwa imeshuka, basi kuna mahali panavuja, nami huchukua sabuni ya kuoshea vyombo na brashi nikaanza kutafuta povu.